Spika Mkwawa si yule wa 1898



Juzi hapa Mafinga, nikisubiri basi la kwenda Iringa, niliwasikia vijana wawili wakibishana. Mmoja alishikilia kuwa Mkwawa aliyekuwa Spika ndiye yule aliyejipiga risasi ili asishikwe na Wajerumani. Nilicheka, kisha nikasikitika, maana huku ni Uhehe kwenyewe.

Aliyejipiga risasi mwaka 1898 ni Mtwa Mkwawa. Spika alikuwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyezaliwa 1920 akashika uchifu mwaka 1940, kijana mbichi. Kazi yake ilikuwa ya huku huku nyumbani, kodi na mabaraza na mashauri ya watu. Mwaka 1954 Gavana Twining alimkabidhi pale Kalenga fuvu la babu yake lililorudishwa kutoka Ujerumani. Wengi humkumbuka kwa fuvu hilo basi.

Mimi namkumbuka kwa lililofuata. Novemba 1962 alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwa sheria nchi nzima. Ndugu wasomaji, hebu fikirini: mtu amerithi kiti cha babu aliyekufa akikitetea, na sheria ya kukiondoa inapita katika Bunge ambalo Spika wake ni yeye mwenyewe! Angeweza kususa akarudi Kalenga. Hakususa. Alibaki akiwaita wabunge kwenye utaratibu, wenye ukoo mkubwa na wasio nao.

Alikaa hadi 1973, akampisha Erasto Mang'enya, akarudi 1975 na kuendelea mpaka 1994 alipopokelewa na Pius Msekwa. Muungano wa 1964, chama kimoja 1965, vyama vingi 1992, yote hayo yalimkuta kitini. Nasi tuliokuwa tukisikiliza Bunge redioni tulizoea jina lake kama tulivyozoea saa ya taarifa ya habari. Alifariki 1999.

Ombi langu ni kwa walimu wa hapa Mufindi. Mnapowapeleka watoto Kalenga kuliona lile fuvu, wasimulieni na habari za mjukuu aliyelipokea.

Msomaji wako,
Mafinga