Ernest Starling na Siri ya Msuli wa Moyo

Katika ukurasa huu wa wataalamu waliotangulia, safari hii tunakuleteeni maisha ya Ernest Henry Starling.

Starling alizaliwa London, Uingereza, tarehe 17 Aprili 1866. Alisomea udaktari, lakini akachagua kuchunguza jinsi mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1902, yeye na shemeji yake William Bayliss waligundua kuwa utumbo hutoa kemikali inayopita katika damu na kuiamsha kongosho. Mwaka 1905 Starling akaziita kemikali za namna hiyo homoni, jina tunalolitumia hadi leo.

Kisha akaugeukia moyo. Tukikimbia, damu inayorudi moyoni huongezeka. Je, moyo hujuaje kuwa unatakiwa kusukuma zaidi? Starling na wenzake waliutenga moyo wa mbwa pamoja na mapafu, usipate amri yoyote ya ubongo. Damu iliyoingia ilipoongezwa, kuta za moyo zilivutika, na moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi. Ikabainika kuwa uwezo huo umo ndani ya msuli wenyewe. Mjerumani Otto Frank alikuwa ameliona jambo hilo kwa moyo wa chura mwaka 1895. Ndiyo maana kanuni hii hubeba majina yao wawili.

Hata samaki wamo. Moyo wao una chumba kimoja cha kupokea damu na kimoja cha kuisukuma. Samaki wengi wanapoogelea kwa kasi, moyo hujaa zaidi na kila pigo hutoa damu nyingi zaidi. Seli za msuli zikivutwa, nyuzi zilizomo ndani yake hukaa mahali pazuri pa kushikana na huitikia zaidi madini ya kalsiamu, hivyo hujikaza kwa nguvu.

Lakini kila jambo lina kiasi. Moyo uliochoka hutanuka bila kupata nguvu ya kutosha. Kwa hiyo daktari anayemtundikia mgonjwa dripu lazima apime: maji yakipungua, moyo haujai, yakizidi, mapafu huweza kujaa maji, na mgonjwa akapoteza maisha.

Starling alifariki melini tarehe 2 Mei 1927, akazikwa Kingston, Jamaica. Tunaposoma somo la moyo, tukumbuke kuwa kanuni ile fupi ya kitabuni inaokoa watu wodini.