Digrii Moja, Vyuo Vitatu: Eduardo Mondlane Kabla ya FRELIMO

Fomu ya kuhama chuo ilikaa ndani ya daftari langu la Saikolojia ya Elimu wiki tatu nzima. Mwenzangu wa chumbani aliiona, akacheka, akaniambia nitahitimu pamoja na wadogo zangu. Mama kwenye simu alisema nimalize kwanza, mengine yatafuata. Mjomba, ambaye ndiye hunijaziliza boom linapoisha kabla ya wakati, hakusema kitu kabisa, na huo ukimya ndio ulioniuma zaidi.

Katika kukwepa kuamua, nikakimbilia maktaba kupiga msuli wa historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Huko ndiko nilikokutana vizuri na Eduardo Mondlane. Jina nilikuwa nalijua kama wengi wetu tunavyolijua: rais wa kwanza wa FRELIMO, aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam. Nisilolijua ni kwamba mtu huyu alipata digrii ya kwanza miaka 33 ikibisha hodi, baada ya kupita vyuo vikuu vitatu katika mabara matatu. Nikafunga kitabu cha mtihani, nikaanza kumsoma yeye.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu, lakini alifariki Eduardo akiwa bado mtoto mdogo. Utotoni alichunga mifugo, na mama yake ndiye aliyesisitiza aende shule. Akasoma kwa wamisionari wa Uswisi hadi pale ambapo mtoto wa Kiafrika wa koloni la Ureno aliruhusiwa kufika, yaani si mbali. Njia ya sekondari kwa mtu kama yeye ilikuwa imezibwa karibu yote. Chuo kikuu ndani ya Msumbiji hakikuwepo kabisa.

Basi akazunguka. Alienda shule ya kilimo ya misheni ya Cambine, na huko akajifunza Kiingereza. Kisha kwa miaka miwili akawafundisha wakulima namna ya kulima kwenye maeneo ya ukame. Baadaye akavuka mpaka kwenda Transvaal, Afrika Kusini, kusoma sekondari pale Lemana, akiwa na umri ambao wengi wetu hapa tunavaa joho la mahafali. Mwaka 1948 alikuwa Johannesburg katika shule ya ustawi wa jamii ya Jan Hofmeyr, na kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Hicho ndicho kilikuwa chuo kikuu chake cha kwanza, na hakukaa. Mwaka huohuo wa 1948 chama cha National kilikuwa kimeshika serikali na kuanza kujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria. Mwaka 1949 Mondlane alinyimwa kibali cha kuendelea kukaa nchini. Wanafunzi wenzake walipinga, haikusaidia. Sisi tukisikia mtu kadisko, tunawaza GPA na sapu alizoshindwa. Yeye disko lake lilitoka serikalini.

Akarudi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Badala ya kukaa kimya akashiriki kuanzisha NESAM, umoja wa wanafunzi wa sekondari wa Kiafrika wa Msumbiji. Polisi wakamkamata na kumhoji. Mwaka 1950 akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Lisbon, katika mji mkuu wa watawala wenyewe.

Hapa ndipo niliposoma polepole, maana kuondoka Johannesburg hakuchagua. Alifukuzwa. Uamuzi wa kweli wa kuhama ulimsubiri Lisbon, na ukiupima kwa akili ya kawaida, sababu za kubaki zilikuwa nzito. Alikuwa ameshakawia sana. Tayari yuko ndani ya chuo, na cheti cha Lisbon kingetambulika koloni zima. Na marafiki aliowapata pale hawakuwa wa mchezo: Amílcar Cabral, aliyekuja kuongoza ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde, Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, na Marcelino dos Santos, Mmsumbiji mwenzake. Mtu angetafuta wapi kundi la majadiliano kama hilo?

Lakini polisi wa siri hawakumwachia nafasi ya kusoma. Walimfuatilia na kumpekua chumbani mwake mara kwa mara. Hebu fikiria unajiandaa na mtihani, mlango unagongwa, daftari zako zinamwagwa sakafuni na watu wanaotafuta barua. Shida ya Lisbon haikuwa ugumu wa masomo. Ni kwamba pale hakuweza kuifanya kazi yenyewe iliyompeleka.

Alikuwa na ufadhili wa mfuko wa Phelps-Stokes wa New York. Akaomba ufadhili huo umfuate Marekani, wakakubali. Mwaka 1951, akiwa na miaka 31, akaingia Oberlin, chuo kidogo katika jimbo la Ohio ambacho kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi weusi tangu 1835. Nililipenda jambo moja dogo: alipokelewa kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Maana yake yale ya Johannesburg na Lisbon hayakutupwa yote. Mwaka 1953 akahitimu, katikati ya vijana waliokuwa shule ya msingi wakati yeye anafundisha kilimo cha ukame.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern, Illinois, hadi udaktari wa sosholojia mwaka 1960. Mwaka 1956 akamwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani mweupe, wakati ambapo ndoa ya namna hiyo ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Kuanzia 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, idara ya maeneo ya udhamini. Akaacha ili awe huru kufanya siasa, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mshahara upo, ofisi ipo, watoto wanakua.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wasumbiji vikaungana Dar es Salaam kuunda FRELIMO, naye akachaguliwa kuwa rais. Mwaka 1963 akaaga Syracuse, akahamia Dar moja kwa moja.

Sasa nisiandike kama vile maisha yake yalinyooka. Kuna sehemu iliyonisumbua, nami nawaachia wanachuo wenzangu muijadili. Kurasini, Dar es Salaam, kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya sekondari ya vijana wakimbizi, iliyoendeshwa na Janet. Vita vilipoanza mwaka 1964, FRELIMO ilihitaji waliosoma warudi kufanya kazi: kufundisha na kutibu katika maeneo yaliyokombolewa, na kupigana pia. Baadhi ya wanafunzi walitaka kuendelea na vyuo vya ng'ambo. Waliokuwa Marekani wengine waligoma kurudi. Mwaka 1968 vurugu zikalipuka Kurasini hadi shule ikafungwa.

Ni rahisi kuona hasira ya wale vijana. Aliyewaambia warudi alikuwa na PhD, baada ya kuhama vyuo hadi akapata alichotaka. Nami ningekuwa pale, pengine ningegoma nao. Lakini upande wake pia unaonekana: yeye mwenyewe alikuwa ameacha kazi ya chuo kikuu Marekani na kurudi. Kwake yeye elimu ilikuwa na kazi iliyokuwa ikiisubiri, na kuhama kulikuwa na maana kama kunakusogeza kwenye kazi hiyo. Sijui kama alifanikiwa kuwaeleza hivyo vijana wa miaka 20 wenye ndoto zao.

Hakupata muda wa kuimaliza mijadala hiyo. Tarehe 3 Februari 1969, katika nyumba ya rafiki Oysterbay, alifungua kifurushi cha kitabu kilichokuja na barua za siku hiyo. Ndani kulikuwa na bomu. Alikuwa na miaka 48. Akazikwa Dar es Salaam, na baada ya uhuru wa Msumbiji wa 1975 mabaki yake yakarudishwa kwao. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kilipewa jina lake. Kijana aliyelazimika kwenda nje kwa sababu kwao hapakuwa na chuo, leo jina lake ndilo liko kwenye cheti cha kila anayehitimu pale.

Niliporudi hosteli siku hiyo nilichukua karatasi, nikaandika sababu zangu za kutaka kuhama. Zilifika tisa. Maji ya hosteli. Kozi moja iliyokaa bila mhadhiri hadi wiki ya saba. Rafiki zangu wote wako jiji lile. Jina la chuo kile linasikika vizuri ukweni na kwenye barua ya kuomba kazi. Nikajiuliza kila moja: hii inanizuia kufanya kazi niliyojia, au inanikera tu? Nikafuta moja baada ya nyingine. Nane zikaondoka.

Ikabaki ya watoto wawili. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, darasa langu la kidato cha pili lilikuwa na wanafunzi viziwi wawili. Wiki nane nilisimama mbele yao, wakaniangalia mdomo, wakanakili ubao, na sikuwafundisha kitu. Programu yangu hapa haina elimu maalumu. Ile ya kule inayo, na lugha ya alama inafundishwa tangu mwaka wa kwanza.

Nimewauliza kuhusu kozi nilizokwisha kufaulu. Wamesema watapokea baadhi, ila karibu mwaka mzima nitaupoteza. Nitahitimu na miaka 25. Bodi ya Mikopo bado hawajanijibu kama boom litanifuata, na wasipokubali sijui nitakula nini muhula wa kwanza.

Jumatatu nimeipeleka fomu. Jioni nikampigia Mjomba, nikamweleza habari za wale watoto wawili, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Akanyamaza tena, muda mrefu. Kisha akauliza nauli ya kwenda huko ni shilingi ngapi.