Robert Koch: Bingwa wa TB aliyejaribu dawa ya malale Ziwa Victoria, wagonjwa 22 wakapofuka

Kila Machi 24 dunia inaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo inamhusu mtu mmoja, Dk Robert Koch, ambaye siku kama hiyo mwaka 1882 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Berlin na kuwaonyesha kijidudu kinacholeta TB.

Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayofundishwa shuleni. Ipo nyingine isiyosemwa sana, na ilitokea huku kwetu: Dar es Salaam, Amani, Mwanza, hadi visiwa vya Sese ndani ya Ziwa Victoria.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 Clausthal, mji wa wachimba madini nchini Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen na kumaliza 1866. Hakuanzia kwenye maabara kubwa. Alikuwa daktari wa wilaya tu huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland, na nyumbani kwake alitenga sehemu ya kufanyia utafiti na darubini yake. Kutoka hapo, mwaka 1876, akathibitisha kuwa kimeta huletwa na kijidudu kinachoonekana. Ikafuata TB, kisha akaenda Misri na India kufuatilia kipindupindu. Alipofikisha miaka 40 jina lake lilikuwa kubwa Ulaya nzima.

Mambo yakaharibika 1890. Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari Berlin, Koch alidokeza kuwa amepata kitu cha kuzuia TB. Baadaye kikaitwa tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa treni, wengine wakiwa hoi. Yeye mwenyewe alikuwa amejidunga akapata homa kali, lakini akagoma kusema ndani ya dawa kuna nini.

Kumbe haikuponya. Wapo waliozidiwa na wapo waliokufa. Mapema 1891 daktari mkongwe Rudolf Virchow, aliyepasua maiti za baadhi yao, alieleza kuwa ugonjwa haukuwa umezuiwa. Koch alipobanwa ndipo akasema: ni maji ya vijidudu vya TB yaliyotengenezwa kwa gliserini.

Ajabu ni kwamba tuberkulini haikutupwa. Ilishindwa kama tiba, ikafaulu kama kipimo. Hadi leo hospitalini mtu hudungwa tone dogo ndani ya ngozi ya mkono, kisha hurudi baada ya siku mbili au tatu kuangaliwa kama pamevimba. Ila waliokufa 1890 hawakuwa wamekwenda Berlin kupimwa.

Baada ya aibu hiyo, na ndoa yake kuvunjika, Koch akawa mtu wa safari. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini akihangaika na sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 akapita India, kisha akaingia Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani. Alichunguza malaria, na pia tauni iliyokuwa Kiziba, upande wa Bukoba.

Alirudi 1905. Safari hii alihangaika na homa ya papasi, akagundua kuwa papasi anayejificha kwenye sakafu za nyumba na kambi za wasafiri ndiye anayeeneza. Alipokuwa bado nchini, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi na kufika Uzaramo, nchi ambayo leo Kibuta na Maneromango za Kisarawe zimo. Watu walipewa dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Wajerumani waliicheka imani hiyo. Desemba mwaka huohuo Koch akapokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya TB, na miezi michache baadaye akapanda tena meli kuja Afrika, akiwa na dawa yake ya kujaribu.

Tatizo lilikuwa malale. Tangu mwanzoni mwa karne hiyo ugonjwa huo ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, wengi upande wa Uganda. Dawa haikuwepo.

Kulikuwa na atoksili, kemikali yenye arseniki ndani yake. Jina lenyewe lilimaanisha kitu kisicho na sumu! Ilitengenezwa tangu 1859, na madaktari wa Ulaya waliitumia kwa magonjwa ya ngozi na upungufu wa damu. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba kwa wanyama inaua vimelea vya malale. Koch akaamua kuipeleka kwa watu wengi.

Alipita Amani kule Usambara, akafika Mwanza, lakini wagonjwa upande wa Wajerumani hawakumtosha. Akaomba kwa Waingereza, akaruhusiwa kuweka kambi kisiwa cha Bugala, visiwani Sese. Hiyo ni 1906.

Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Wagonjwa walidungwa nusu gramu siku mbili mfululizo, wakapumzishwa siku kadhaa, wakarudiwa. Vimelea vikatoweka kwenye matezi. Waliokuwa wamelala wakaamka. Habari zikasambaa, watu wakawa wanakuja wenyewe kwa mitumbwi, wengine wakibebwa na ndugu, mpaka waliotibiwa wakazidi elfu moja.

Halafu vimelea vikarudi. Koch, badala ya kusimama hapo, akaongeza dozi hadi gramu moja. Wagonjwa wakalalamika maumivu ya tumbo na kizunguzungu, baadhi wakatoroka kambini. Kisha macho yakaanza kuzima. Watu 22 walipofuka moja kwa moja. Ndipo dozi hiyo kubwa ikaachwa.

Kutumia dawa ya ugonjwa mmoja kwenye ugonjwa mwingine si kosa lenyewe. Madaktari hufanya hivyo hadi leo. Chukua mfano wa oksijeni ya presha, ile ambayo mgonjwa huingizwa kwenye chumba cha chuma. Inajulikana kuwasaidia wapiga mbizi waliopanda juu haraka, watu waliovuta sumu ya moshi wa mkaa, na baadhi ya vidonda vya kisukari. Lakini wapo wanaoiuza kwa usonji na saratani, mpaka mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo mwaka 2013. Mzazi aliyekata tamaa atalipa tu. Waliopanda mitumbwi kwenda Bugala walikuwa na hali hiyohiyo, tena wao hawakuwa na pa kuulizia.

Koch aliondoka 1907, akapokelewa Berlin kwa heshima kubwa. Aliacha ushauri kuwa wagonjwa watengwe kwenye kambi maalumu na vichaka vya mbung'o vifyekwe. Serikali ya kikoloni ikafungua kambi za malale, ikiwemo Kigarama kule Kiziba na Shirati kule Mara, atoksili ikaendelea kudungwa humo, na wagonjwa wakaendelea kutoroka.

Alifariki Mei 27, 1910 Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi aliyoiongoza Berlin. Ndiyo ile Taasisi ya Robert Koch iliyokuwa ikitoa takwimu za Uviko-19 za Ujerumani kila siku.

Atoksili ilishaachwa zamani. Malale ya aina inayopatikana Tanzania sasa ina vidonge vya kumeza, fexinidazole, vilivyojaribiwa dhidi ya aina hiyo kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, walielezwa hatari zake na kuombwa ridhaa.