Fannie Lou Hamer na viti viwili alivyovikataa

Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka ile kelele ya mwaka 2008 ndani ya chama cha Democratic cha Marekani. Majimbo ya Florida na Michigan yalifanya kura zao za maoni mwezi Januari, kabla ya tarehe iliyoruhusiwa na chama, na chama kikayaadhibu kwa kuwanyang'anya wajumbe wao wote. Huko Michigan jina la Barack Obama halikuwemo hata kwenye karatasi ya kura, maana mwenyewe aliliondoa. Hillary Clinton aliongoza kote kuwili, akataka wajumbe wake watambuliwe. Likaja wazo la kurudia kura hizo, likafa mwezi Machi kwa kukosa makubaliano. Mwisho, tarehe 31 Mei, kamati ya chama iliketi katika hoteli moja mjini Washington ikaamua kila mjumbe aingie ukumbini na nusu kura. Mwezi Agosti, mshindi alipokwisha kujulikana, wakarudishiwa kura nzima.

Mimi wakati ule nilikuwa mwanafunzi, na katika baraza za mtaani kwetu watu walilifuatilia jambo lile kwa sababu baba yake Obama alikuwa Mkenya. Ninalolikumbuka ni namna wazee walivyoicheka ile nusu kura. Walisema mtu hawezi kuwa nusu mjumbe. Mimi nilicheka nao. Miaka michache baadaye, nilipokuwa chuo kikuu, nikasoma habari za mwanamke mmoja ambaye katika chama hicho hicho aliambiwa achukue kidogo alichopewa ashukuru, akakataa. Jina lake ni Fannie Lou Hamer. Nimekuwa nikimsomesha darasani tangu nilipoanza kufundisha, ingawa somo langu ni elimu ya Dini ya Kiislamu na yeye alikuwa Mkristo wa Kibaptisti aliyefia katika imani yake. Haki haiulizi kwanza dini ya aliyedhulumiwa.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1917 katika jimbo la Mississippi, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20. Wazazi wake walikuwa wakilima pamba katika shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, mpango ambao kila mwaka ulimalizika kwa mkulima kuambiwa kuwa bado anadaiwa. Akiwa na umri wa miaka 6 alikwisha kuanza kuchuma pamba. Polio ilimwachia mguu wa kuchechemea. Shule aliiacha akiwa na miaka kama 12. Baadaye aliolewa na Perry Hamer, wakafanya kazi katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Ruleville kwa miaka 18, na kwa kuwa alijua kusoma na kuandika akafanywa karani wa kuandika saa na mizigo ya wachumaji. Mwaka 1961 aliingia hospitali kwa uvimbe mdogo, akatoka amekatwa kizazi bila ya kuulizwa. Wanawake wengi weusi wa huko walifanyiwa hivyo. Yeye na mumewe wakalea watoto wa wengine.

Mpaka hapo alikuwa ni mama wa miaka 44 asiyejulikana nje ya kata yake. Mwezi Agosti 1962 vijana wa jumuiya ya wanafunzi iliyoitwa SNCC walifanya mkutano katika kanisa la hapo Ruleville, wakawaeleza watu kuwa katiba ya Marekani inawapa haki ya kupiga kura. Alikuwa hajapata kulisikia jambo hilo. Tarehe 31 Agosti watu 18 walipanda basi kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Huko walipewa mtihani. Mtu aliyeacha shule utotoni alitakiwa afasiri kwa maandishi kifungu cha katiba ya jimbo, na msahihishaji ni karani mzungu ambaye ameshaamua matokeo. Alishindwa. Njiani kurudi polisi wakalisimamisha basi, wakamtoza dereva faini kwa kosa la basi kuwa na rangi ya njano iliyozidi. Sitanii, ndivyo kosa lilivyoelezwa.

Jioni ile mwenye shamba alimtaka arudi kuliondoa jina lake, la sivyo aondoke. Akaondoka usiku ule ule. Siku kumi baadaye nyumba ya marafiki waliompa hifadhi ilimiminiwa risasi 16. Pamoja na hayo alirudi kwenye mtihani, na mwezi Januari 1963 akafaulu. Juni 9 mwaka huo, akitoka mafunzoni na wenzake, walikamatwa katika kituo cha mabasi cha mji wa Winona. Gerezani polisi waliwalazimisha wafungwa wawili weusi wampige kwa rungu la ngozi kwa zamu, mmoja akichoka anashika mwingine. Figo yake iliharibika na jicho moja likaathirika mpaka kufa kwake. Waliohusika walishitakiwa, na baraza la wazee wa mahakama lililokuwa la wazungu watupu likawaachia.

Sasa tuingie katika suala la wajumbe, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mississippi ya wakati ule ilikuwa ni jimbo la chama kimoja kwa vitendo. Aliyeshinda kura za maoni za Democratic ndiye aliyeshinda uchaguzi. Kwa hiyo aliyefungiwa mlango wa chama alikuwa amefungiwa mlango wa serikali, na weusi waliokuwemo katika daftari la wapiga kura hawakufika hata 7 katika kila 100 waliostahili. Mwaka 1964 Hamer mwenyewe aligombea katika kura za maoni za ubunge dhidi ya mbunge mkongwe Jamie Whitten, akashindwa kwa mbali, kama ilivyotarajiwa. Mwezi Juni weusi walijaribu kuhudhuria mikutano ya chama ya matawi. Penginepo walikuta milango imefungwa, kwingine mkutano umehamishwa bila ya taarifa, na walipoingia walinyimwa nafasi ya kusema.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokisifu kuliko yote. Hawakususa. Mwezi Aprili walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, na sasa wakafuata kanuni za chama cha taifa hatua kwa hatua: mikutano ya matawi, ya wilaya, kisha mkutano wa jimbo mjini Jackson tarehe 6 Agosti, wazi kwa kila mtu mweusi na mweupe. Watu wapatao 80,000 walijiandikisha. Kiangazi hicho hicho vijana watatu waliokuwa wakisaidia kazi hiyo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa na kufukiwa chini ya boma la bwawa. Wakachaguliwa wajumbe 68, makamu mwenyekiti wao akiwa Fannie Lou Hamer, wakasafiri kwa basi mpaka Atlantic City ulikokuwa mkutano mkuu wa chama. Hoja yao ilikuwa rahisi. Ujumbe wa wazungu haukuchaguliwa na watu wote, na juu ya hayo wengi wao walikuwa wakimuunga mkono Barry Goldwater, mgombea wa Republican. Basi mjumbe halali ni nani?

Tarehe 22 Agosti, 1964 aliketi mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe, na televisheni zikimrusha moja kwa moja. Akaeleza habari ya shamba, ya risasi na ya Winona, bila ya karatasi, kwa dakika zisizofika kumi. Rais Lyndon Johnson aliogopa kuyapoteza majimbo ya kusini, akaitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache mama yule. Zikamwacha. Lakini usiku televisheni zikayarudia maneno yake, wakati ambapo watu wengi zaidi wako majumbani. Hila ya Rais ikamfanya asikilizwe na taifa zima.

Hapo yakaanza mazungumzo ya faragha. Hubert Humphrey, aliyekuwa akiutaka umakamu wa rais, alikabidhiwa kazi ya kuwatuliza, na kamati ndogo ikaongozwa na Walter Mondale. Ili suala lifike mbele ya mkutano mzima zilihitajika saini 11 za wajumbe wa kamati. Wajumbe waliokuwa tayari kusaini wakaanza kupigiwa simu, huyu akikumbushwa kazi ya mumewe, yule cheo alichoahidiwa. Hamer alimwambia Humphrey ana kwa ana kuwa watu wamepoteza kazi na nyumba kwa ajili ya jambo hili, naye anaogopa kukikosa cheo. Hakualikwa tena kwenye vikao hivyo. Msomaji wetu anayezijua kura za maoni za kwetu haitaji kufasiriwa mambo haya.

Uamuzi uliotoka ulikuwa hivi: wapewe viti viwili, tena visivyo vya Mississippi bali vya jumla, na watu wa kuvikalia, Aaron Henry na mchungaji Ed King, wamechaguliwa na chama chenyewe. Waliobaki wawe wageni. Ikaongezwa ahadi kuwa kuanzia mwaka 1968 hakuna ujumbe wa kibaguzi utakaopokelewa.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa waliowashauri wakubali. Miongoni mwao walikuwemo Martin Luther King na Bayard Rustin, watu ambao hakuna awezaye kuwatuhumu woga. Walisema siasa ni kuchukua unachokipata leo na kuongeza kesho, na kwamba Goldwater akishinda kila mtu mweusi ataumia. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo mimi naona Hamer aliona kitu wasichokiona. Tatizo halikuwa uchache wa viti. Kama wajumbe 68 ni halali, wapewe viti vyote. Kama si halali, hata hivyo viwili ni vya nini? Kuvipokea ni kukiri kuwa haki yao ilikuwa ni ombi. Na kuruhusu mwingine achague nani awawakilishe ni kurudi kule kule Indianola, kwa karani mwenye matokeo yake mkononi. Wajumbe wakapiga kura, wakakataa. Ujumbe wa wazungu nao, ulipotakiwa kula kiapo cha utii kwa chama, karibu wote wakaondoka. Hamer na wenzake wakaazima beji, wakaingia wakaketi katika viti vilivyoachwa wazi. Siku iliyofuata viti vilikuwa vimeondolewa. Wakasimama.

Johnson alishinda uchaguzi kwa kishindo, na Mississippi aliyoiogopa kuipoteza ikampigia Goldwater asilimia 87.

Mwezi Septemba Hamer na wenzake walisafiri mpaka Guinea, kwa msaada wa mwimbaji Harry Belafonte. Rais Sékou Touré, Muislamu, aliwafuata mwenyewe mahali walipofikia. Mama aliyewekewa vizuizi nchini mwake asimfikie rais wake alilia kwa kuona rais wa nchi anamjia. Disemba 20 alizungumza katika kanisa moja la Harlem, na jukwaani alikuwepo al-Hajj Malik El-Shabazz, yaani Malcolm X, aliyekuwa ametoka safari ya Afrika iliyomfikisha Nairobi na Dar es Salaam. Siku ile waimbaji wa SNCC waliimba wimbo juu ya Oginga Odinga. Malcolm alisema kuwa kusikia mwanamke alivyopigwa hivyo kunawaondolea wanaume heshima ya kujiita wanaume, akawataja Mau Mau kuwa ndio mfano unaofaa Mississippi. Jioni akamwalika katika mkutano wake mwenyewe. Baada ya miezi miwili Malcolm aliuawa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wawili hawa hawakuafikiana katika njia, maana Hamer hakuacha kuamini sanduku la kura.

Na hapa ndipo lilipo jambo la kurudia uchaguzi, ambalo wengi wanaomwandika hulipita haraka. Mwaka 1965 mahakama ilikwisha kuamuru mitihani ya kuandikisha isimamishwe wilayani Sunflower, lakini waliojiandikisha baada ya hapo walizuiwa kupiga kura za miji za mwezi Juni kwa kisingizio cha muda. Hamer akafungua kesi. Machi 1966 mahakama ya rufaa ikaufuta uchaguzi wa miji ya Sunflower na Moorhead, ukarudiwa Mei 2, 1967. Wagombea weusi wakashindwa. Katika mji wa Sunflower weusi walioandikishwa walikuwa wengi kuliko wazungu, na bado wakashindwa, kwani uchaguzi kurudiwa hakumwondolei mtu hofu ya mwajiri wake wala ya mwenye nyumba anayoishi.

Nadhani ndiyo maana akageukia ardhi. Mkutano mkuu wa Chicago wa mwaka 1968 ulimpokea kama mjumbe halali, ukumbi ukasimama kumshangilia, na ujumbe wa wabaguzi ukabaki nje. Mwaka uliofuata alianzisha shamba la ushirika, akaanza na eka 40, likafika eka mia kadhaa, ili mtu anayefukuzwa kwa sababu ya kura awe na pa kulima. Alikuwa pia na kile kilichoitwa benki ya nguruwe (msomaji ataniwia radhi), familia ikipewa jike na kurudisha watoto wawili kwa ajili ya wengine. Ukame, mafuriko na madeni vililimaliza shamba lile katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1971 aligombea useneta wa jimbo, akashindwa.

Alifariki tarehe 14 Machi, 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, akiwa na miaka 59, kwa saratani na shinikizo la damu. Kanisa lake la Ruleville lilijaa, wengine wakafanyiwa ibada katika shule ya sekondari ya mji huo, alikozungumza Andrew Young, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Januari 2025 serikali ya Marekani ikampa nishani yake ya juu kabisa ya raia, miaka 47 baada ya kuzikwa.