Edward Kendall na homoni inayompa chura miguu

Mvua zikinyesha, madimbwi hujaa viluwiluwi. Baada ya muda huota miguu, mkia hutoweka, na chura huruka nchi kavu. Misuli ya mkia hufa, huku misuli mipya ya miguu ikijengeka. Kazi zote mbili huamriwa na homoni ya tezi ya thairoidi, tezi ambayo hata mtoto wako anayo, mbele ya shingo. Aliyeipata kwanza homoni hiyo ikiwa safi ni mkemia wa Marekani, Edward Kendall.

Kendall alizaliwa mwaka 1886 katika jimbo la Connecticut. Alisomea kemia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1910. Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch alieleza kwamba viluwiluwi waliolishwa tezi ya thairoidi waligeuka vyura mapema mno, wakiwa wadogo sana. Ndani ya tezi hiyo kulikuwa na kitu chenye nguvu, lakini hakuna aliyekuwa amekitenga.

Kendall alikitafuta katika kliniki ya Mayo, Minnesota. Siku ya Krismasi mwaka 1914 alipata chembe safi za homoni hiyo, ambayo baadaye iliitwa thairoksini. Ilikuwa kazi ngumu: takriban tani tatu za tezi za nguruwe zilimpa gramu 33 tu. Alikosea kueleza muundo wake, na Mwingereza Charles Harington akasahihisha mwaka 1926. Kendall hakukata tamaa. Aligeukia homoni za tezi zilizo juu ya figo, na mwaka 1950 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hench na Reichstein. Alifariki mwaka 1972.

Mzazi, kazi hiyo inakuhusu. Mtoto anayezaliwa na tezi isiyofanya kazi vizuri anaweza kuwa na misuli iliyolegea, kunyonya kivivu, kulala mno, kukosa choo, na manjano yake yakachelewa kuisha. Jirani atamsifu kuwa ni mtoto mtulivu, kumbe ubongo wake unakosa homoni ya kuukuza. Kipimo cha damu huonyesha tatizo. Vidonge vya thairoksini vikianza katika wiki za mwanzo, watoto wengi hukua kama wenzao. Vikichelewa, madhara ya ubongo huweza kuwa ya kudumu.

Mama mjamzito atumie chumvi yenye madini joto, kwa sababu mwili huyahitaji kutengeneza homoni hii. Na wewe mtu mzima, usimeze vidonge hivi ili upunguze unene. Homoni ikizidi hudhoofisha misuli ya mapaja na kuusumbua moyo.

Ukiona dalili hizo kwa mwanao, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke kituo cha afya mapema, uombe tezi yake ipimwe.