Hasan al-Rammah, Mwandishi wa Siri za Moto

Tukiulizwa wataalamu wa Kiislamu, haraka tunamtaja Ibn Sina na al-Khwarizmi. Leo namleta mtu wa makaa na vumbi la chuma.

Najm al-Din Hasan alikuwa mtu wa Sham, zama za Mamluk. Al-Rammah maana yake ni mpiga mkuki. Aliitwa pia al-Ahdab, mwenye kibiongo. Mwili ule haukumzuia kuwa bingwa wa silaha. Zama zake zilikuwa ngumu: Wamongoli waliiteketeza Baghdad mwaka 1258, wakazuiwa Ain Jalut mwaka 1260, na Wafaranki hawakung'olewa Akka hadi mwaka 1291.

Kitabu chake, al-Furusiyya wal-Manasib al-Harbiyya, kinafundisha farasi, mikuki, na moto. Wataalamu wamehesabu humo michanganyo ya baruti zaidi ya 100, na 22 kati yake ni ya roketi. Jambo kubwa ni usafishaji wa shura. Shura ya ardhini huja na chumvi nyingine zinazovuta unyevu, na baruti yenye unyevu haiwaki. Yeye aliandika namna ya kuzitoa kwa maji ya majivu ya kuni.

Halafu kuna cheche. Makaa ndiyo chakula cha moto wa baruti, na ya mti mwepesi huwaka upesi kuliko ya mti mgumu. Chembe yake inayoruka ikiwa bado inaungua hutoa rangi ya machungwa. Chembe ya chuma hutoa dhahabu, na kaboni iliyomo huipasua ikatawanyika kama ua. Mtazame fundi anaponoa panga kwenye jiwe la mashine. Al-Rammah alitumia chuma hicho, akakiita cha Kichina. Nyeupe kali ya fataki za leo hakuiona, maana alumini haikutengwa hadi mwaka 1825. (Na wewe unayefikiria kuchanganya mwenyewe chumbani hosteli kwa ajili ya Idi, acha. Vumbi hizi huwaka kwa msuguano tu, na vidole havioti tena.)

Wapo wenzetu wanaodai baruti ni yetu. Si kweli. Wachina waliandika michanganyo yake mwaka 1044, na Waarabu wenyewe waliita shura theluji ya China. Al-Rammah hakuficha hilo. Majina ya Kichina yamejaa kitabuni mwake, na ujuzi wake aliunasibisha kwa baba yake, babu zake na mabingwa wa fani. Kwangu uaminifu huo unazidi hata roketi zake.

Alifariki mwaka 694 Hijria, sawa na 1295, inasemekana kabla ya kutimiza miaka 40. Allah amrehemu. Nuskha ya kitabu chake iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, ambako Reinaud na Favé waliichambua katikati ya karne ya 19.