Marconi, mtu aliyepandisha antene juu ya motokari

Hapa kwetu mashariki, motokari yenye foni inajulikana toka mbali sababu ya antene yake ndefu. Mmoja wa watu walioanza kazi hiyo ni Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Mwaka 1895, akiwa na miaka 21 tu, alifanya majaribio nyumbani kwao. Mwanzo ishara zilikuwa zinafika karibu tu. Alipoinua upande mmoja wa mtambo juu na kuzika upande mwingine ndani ya udongo, zikavuka kilima.

Mwaka 1901, huko Uingereza, akafunga redio ndani ya motokari ya mvuke ya Thornycroft. Antene ilikuwa bomba nene la chuma juu ya paa, na ililazwa kabla ya kutembea.

Fundi wa leo bado anafuata somo lile. Kwa kuwa matairi yanatenga motokari na ardhi, bodi ya chuma ndiyo inashika nafasi ya udongo. Ndiyo maana anakwangua rangi pale antene inafungwa, chuma kiguse chuma. Bila hivyo, hata foni ya bei kali inakuwa kama bubu.

Mwaka 1909 Marconi alipata Nobel. Mwaka 1912 Titanic ilizama. Watu zaidi ya 700 wakapona sababu meli ya Carpathia ilisikia mwito wa mitambo yake. Baadaye aliingia chama cha Mussolini, na doa hilo limebaki. Alipokufa Roma, tarehe 20 Julai 1937, redio nyingi zilinyamaza dakika mbili.